Taarifa ya mwaka ya idara: mafanikio yapimwe vipi, na changamoto aambiwe nani?

SWALI: Profesa, niliteuliwa kuwa mkuu wa idara katikati ya mwaka wa masomo, na sasa kitivo kinadai taarifa ya mwaka ya mafanikio na changamoto. Nimesoma za miaka iliyopita. Mafanikio yamejaa kurasa nyingi. Changamoto ni mistari michache inayojirudia kila mwaka: upungufu wa wahadhiri, ufinyu wa bajeti, uchakavu wa vifaa. Wenzangu wananionya kwamba nikiandika hali halisi nitaiumbua idara na tutapunguziwa fungu. Nikifuata mtindo wa zamani, sioni faida ya kazi yenyewe. Nipime vipi mafanikio, na changamoto niziandike kwa uwazi wa kiasi gani? Wahadhiri wamenikabidhi pia barua ya malalamiko na wanataka niiambatishe.

JIBU: Andika hali halisi, Daktari, bila kuipunguza. Ila iandike kwa namna ambayo mkuu wa kitivo akimaliza kusoma, ajue ni jambo gani liko mikononi mwake na lini anatakiwa kulitenda. Nimekaa kwenye kamati zinazopokea taarifa hizi kwa muda mrefu, na idara nilizoona zikiumbuka ni zile ambazo tatizo lao lilikuja kuibuliwa na mtahini wa nje au wakaguzi wa ithibati, huku taarifa zao zikiwa kimya mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo maswali makali huanza, na kila mafanikio waliyowahi kuyaandika hutiliwa shaka.

Ile mistari mitatu uliyoikuta ina kasoro moja kubwa: ni kweli kwa kila idara. Kamati ya bajeti ikisoma taarifa za kitivo kizima na kila moja inasema "upungufu wa wahadhiri", haina namna ya kujua nani asaidiwe kwanza na nani asubiri. Mwishowe fungu linagawanywa kama lilivyogawanywa mwaka uliotangulia, au linakwenda kwa mwenye sauti kubwa kikaoni.

Kabla ya kuandika neno lolote jipya, chukua taarifa ya mwaka jana na uijibu. Tafuta kila mahali palipoandikwa "idara inatarajia", "idara imedhamiria", "mchakato unaendelea", kisha mbele ya kila ahadi andika imeishia wapi: imetekelezwa, imetekelezwa nusu, haijaanza, au imeachwa na kwa sababu gani. Ukurasa huo uwe wa kwanza. Utaona mwenyewe jinsi unavyobadilisha sauti ya taarifa nzima, maana msomaji anajua anazungumza na idara yenye kumbukumbu. Na kwa kuwa ahadi hizo hukuzitoa wewe, mwaka huu ndio mwepesi kuliko yote kuanzisha desturi hiyo.

Baada ya hapo anza na wanafunzi. Taarifa nyingi huanza na makala, makongamano na ugeni uliotembelea idara, halafu wanafunzi wanakuja baadaye kama idadi tu. Mimi nadhani mpangilio huo unaficha kazi kuu ya idara. Tena idadi yenyewe inaweza kudanganya bila mtu yeyote kusema uongo, na hapa naomba tupige hesabu pamoja.

Tuseme mwaka huu wamehitimu shahada ya awali wanafunzi 45, na mwaka jana walihitimu 38. Mwandishi wa kawaida atasema wahitimu wameongezeka kwa zaidi ya asilimia 18, na hajakosea. Sasa fuata kundi lililoanza pamoja. Kundi la mwaka huu lilianza na wanafunzi 60. Kati ya wale 45, tisa ni wa makundi ya nyuma waliokuwa wakirudia masomo, kwa hiyo waliomaliza kwa wakati ni 36 kati ya 60, yaani asilimia 60. Kundi la mwaka jana lilianza na 50. Kati ya wahitimu 38, wanne walikuwa wa makundi ya nyuma, hivyo waliomaliza kwa wakati ni 34, asilimia 68. Udahili umekua, wahitimu wameongezeka, na wakati huohuo uwezo wa idara kumfikisha mwanafunzi mwisho kwa wakati umeshuka. Yote matatu ni kweli, na taarifa inayotaja mawili ya kwanza tu imemnyima msomaji lile analolihitaji zaidi.

Usiishie hapo. Wale 24 waliobaki wa kundi la mwaka huu wako wapi? Pengine kumi wanarudia kozi, sita wameahirisha masomo, watano wameondolewa kwa kufeli, na watatu hakuna anayejua walipo. Hawa watatu wa mwisho ningewapa aya yao. Anayerudia kozi ana mfumo unaomshughulikia. Aliyepotea hana, na mara nyingi ukimtafuta unakuta ada, ugonjwa, ujauzito, au msiba uliomrudisha nyumbani. Simu chache za mshauri wa wanafunzi kabla hujaandika taarifa zinaweza kumrejesha mmoja wao darasani. Hilo likitokea, liandike kwenye mafanikio bila kuona haya.

Kuna mtego mwingine kwenye asilimia za jumla. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipokea waombaji wa masomo ya uzamili na uzamivu, na ukiangalia chuo kizima, wanaume waliokubaliwa walikuwa takriban asilimia 44 na wanawake asilimia 35. Ilionekana wazi kwamba wanawake wanabaguliwa. Peter Bickel na wenzake walichambua takwimu hizo idara kwa idara na kuchapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1975. Walikuta kwamba idara nyingi hazikuonyesha upendeleo huo, na wanawake walikuwa wameomba kwa wingi zaidi katika idara ambazo ni ngumu kwa yeyote kuingia. Kwako wewe maana yake ni hii: ukijumlisha programu zote za idara kuwa asilimia moja ya ufaulu, inaweza kupanda kwa sababu tu wanafunzi wengi mwaka huu wamechagua kozi nyepesi. Tenganisha kwa programu, kwa mwaka wa masomo na kwa jinsia, halafu ndipo useme limetokea nini. Palipo na wanafunzi wanne tu, achana na asilimia. Mmoja akifeli inasomeka robo ya darasa, na kila mtu chuoni anamjua ni nani. Hapo eleza kwa maneno, au jumlisha miaka mitatu.

Tathmini za wanafunzi kwa wahadhiri zitaje kwa uangalifu. Eleza kwanza ni wanafunzi wangapi waliojaza kati ya wangapi, kwa kuwa wastani wa darasa ambalo robo tu ndiyo iliyojibu hausemi kitu kuhusu robo tatu nyingine. Uchambuzi wa Bob Uttl na wenzake wa mwaka 2017, uliokusanya tafiti za kozi zenye mikondo mingi, yaani kozi moja inayofundishwa kwa makundi kadhaa na wahadhiri tofauti, haukukuta uhusiano wa maana kati ya alama ambazo wahadhiri hupewa na kiasi ambacho wanafunzi wao hujifunza. Maoni ya maandishi yana faida zaidi. Wanafunzi wa mikondo tofauti wakisema kwamba kazi zao zilirudishwa baada ya mtihani, hilo ni jambo la kulifuatilia na kuliandika.

Sasa utafiti. Hapa ndipo idara hujisifu zaidi na ndipo kamati hupiga miayo zaidi, kwa sababu orodha ndefu ya makala haimwambii mtu nini kimegunduliwa. Mwanauchumi Charles Goodhart alitoa hoja mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha, ambayo tangu hapo imeenea kila mahali: kipimo kikishafanywa kuwa lengo, hupoteza sifa ya kuwa kipimo kizuri. Vyuo vimeliona hilo kwa gharama. Ukimpandisha mtu cheo kwa idadi ya makala, utafiti mmoja utakatwa vipande vitatu, na majarida yanayochapisha chochote mradi mwandishi alipe yatapata wateja. Mkutubi Jeffrey Beall wa Colorado alijulikana kwa kuyaorodhesha majarida ya namna hiyo hadi alipoiondoa orodha yake mwaka 2017, na idara nyingi hadi leo zina makala katika majarida hayo bila kujua.

Kwa hiyo kagua kila makala kabla ya kuihesabu. Jarida lina bodi ya wahariri wanaofahamika? Limo katika saraka inayochuja majarida, mfano DOAJ, saraka ya mtandaoni ya majarida ya wazi, yaani yanayosomwa bila malipo? Makala moja iliyoandikwa na wahadhiri wako wawili ihesabiwe mara moja. Ninaona kosa hili karibu kila mwaka, kwa kuwa kila mhadhiri huleta orodha yake na katibu huziunganisha zilivyo. Waombe wote wawe na namba ya ORCID, namba ya kumtambulisha kila mtafiti, ile yenye tarakimu 16 iliyoanza kutolewa mwaka 2012. Mtu ambaye jina lake limeandikwa kwa namna tatu katika majarida matatu huonekana watu watatu, na kazi yake hupotea.

Kuhusu vipimo vya nukuu, yaani mara ngapi makala imetajwa na watafiti wengine, hadhari ni ileile. Jorge Hirsch, mwanafizikia, alipendekeza kipimo cha h mwaka 2005: mtu ana h ya 10 iwapo makala zake 10 zimenukuliwa angalau mara 10 kila moja. Kipimo hicho hakishuki kamwe, kinampendelea aliyeanza zamani, na hakifai kulinganisha mwanahistoria na mwanabayolojia, ambao mazoea yao ya kunukuu hayafanani hata kidogo. Azimio la San Francisco, linalojulikana kwa kifupi DORA, lililoanzia kwenye mkutano wa wanabayolojia wa seli mwishoni mwa mwaka 2012, linakataza kutumia kipimo cha jarida, kama wastani wa nukuu za makala zake, kuwa mbadala wa ubora wa makala yenyewe. Kama kitivo chako kinalazimisha namba hizo, zijaze kwenye jedwali lao. Kwenye maelezo, chagua kazi tatu au nne za mwaka huu na uzieleze kwa aya moja moja: swali lilikuwa nini, jibu ni lipi, nani amelitumia. Aya moja ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa mbili za marejeo.

Nakuja kwenye jambo ambalo ningependa uliwekee siku nzima, nalo ni wanafunzi wa uzamivu. Karibu kila taarifa inaandika kwamba wanachelewa kumaliza, na sababu inayotajwa ni kwamba hawajitumi au wana majukumu ya kikazi. Fanya hivi. Tengeneza jedwali, kila mwanafunzi mstari wake, na andika yuko hatua gani: pendekezo, ukusanyaji wa data, uandishi wa rasimu, tasnifu kwa msimamizi, tasnifu kwa watahini, utetezi, masahihisho. Safu inayofuata, andika tarehe ya mara ya mwisho alipovuka hatua. Safu ya tatu, andika kazi iko mezani kwa nani leo.

Safu hiyo ya tatu huwashtua watu. Unakuta sura ya pili ya mtu imekaa kwa msimamizi tangu muhula uliopita. Unakuta tasnifu ilishawasilishwa, lakini mtahini wa nje hajateuliwa kwa sababu kikao cha kumpitisha hakikufikia akidi. Unakuta mwingine alishatetea, akapewa masahihisho madogo, na hakuna aliyepangiwa kuyathibitisha. Wapo pia ambao kweli wamekaa na kazi yao nyumbani na hawapokei simu. Ukishawatenganisha, ile "changamoto ya wanafunzi wa uzamivu kuchelewa" inageuka mambo manne tofauti yenye wahusika wanne tofauti, na angalau mawili kati yake yanatatuliwa na idara yenyewe bila kuomba senti. Weka kanuni kwamba msimamizi arudishe sura ndani ya muda mliokubaliana kikaoni, na mkuu wa idara apitie jedwali hilo kila mwezi. Mwaka kesho utakuwa na kitu cha kuandika.

Kutoka hapo utaona jinsi ninavyotaka changamoto zote ziandikwe. Tazama sentensi iliyozoeleka: "Idara inakabiliwa na upungufu mkubwa wa wahadhiri, hali inayoathiri utoaji wa elimu bora." Sasa tazama hii, ambayo nimeitunga kama mfano:

"Wahadhiri wawili walistaafu kabla ya muhula wa pili na nafasi zao hazijajazwa. Kati ya kozi tano walizofundisha, moja imechukuliwa na mhadhiri wa muda na nne wamegawiwa wahadhiri watatu, ambao sasa kila mmoja anafundisha saa 14 kwa wiki badala ya 10. Kutokana na hilo, semina za kozi mbili za mwaka wa pili zimefutwa, na kazi zinazosahihishwa kwa maandishi zimepungua kutoka tatu hadi moja kwa muhula. Idara inaomba nafasi moja itangazwe kabla ya mwaka mpya wa masomo. Nafasi ya pili inaweza kusubiri mwaka mmoja, mradi kozi moja ya hiari isitolewe."

Kilichofanya kazi hapo ni kwamba msomaji anaona mwanafunzi wa mwaka wa pili amepoteza nini. Anaona pia idara imejitahidi kabla ya kuomba, na imekubali kuacha kitu. Hilo la mwisho ndilo adimu kuliko yote. Kamati ikipokea maombi kumi yasiyo na kipaumbele, inachagua yenyewe, na mara nyingi inachagua lililo rahisi, kama kupaka rangi ofisi.

Kila changamoto iweke pia mahali pake. Zipo zilizo ndani ya uwezo wa idara, zipo za kitivo au utawala, na zipo za nje ya chuo kabisa, kama sera ya mikopo ya wanafunzi. Hizi za nje zitaje kwa kifupi. Za ndani ziandike hata kama zinauma. Kama matokeo ya mitihani yalichelewa kwa sababu wahadhiri hawakuwasilisha alama kwa wakati, sema hivyo, taja ni kozi ngapi na zilichelewa siku ngapi, bila kutaja majina. Taarifa ya mwaka haifai kuwa hati ya nidhamu. Idara inayokiri jambo moja lililo mikononi mwake huaminiwa zaidi inapolalamikia mambo matatu yaliyo mikononi mwa wengine. Mimi nimeona maombi ya vifaa yakipitishwa kwa sababu hiyo.

Usisahau wasioandika makala. Fundi wa maabara aliyeitunza darubini kongwe ikafanya kazi mwaka mzima, katibu aliyepanga upya mafaili ya usajili, mhadhiri aliyefundisha darasa la mwenzake mgonjwa kwa miezi miwili: haya ni mafanikio halisi ya idara, na kwa kuwa hayana jedwali lake hayaandikwi popote. Yape aya.

Barua ya wahadhiri usiiambatishe. Taarifa itasomwa na wengi na kuhifadhiwa kwa miaka, na waliotia saini leo kwa hasira huenda baadaye wakajikuta wanaombea cheo mbele ya watu walewale waliowataja. Isome mara mbili, toa kila hoja inayoweza kuthibitishwa, iweke kwenye sehemu ya changamoto ikiwa na takwimu zake, halafu barua yenyewe ipeleke kwa mkuu wa kitivo kwa njia yake, pamoja na maelezo yako mafupi. Waeleze wahadhiri hivyo ana kwa ana kabla hawajaisikia kwa wengine, na waonyeshe ni aya zipi za taarifa zimetokana na barua yao.

Juu ya hofu ya kupunguziwa fungu, sitakuahidi kwamba haitatokea. Upo uongozi unaoadhibu ukweli. Unachoweza kufanya ni kumwona mkuu wa kitivo kabla ya kuwasilisha, ukiwa na kurasa mbili tu: jedwali la makundi ya wanafunzi na changamoto tatu unazozipa kipaumbele. Viongozi wengi hukasirishwa zaidi na kushtukizwa mbele ya seneti kuliko na tatizo lenyewe. Na fungu likipunguzwa licha ya hayo, tayari unayo takwimu ya kuanzia. Mwaka ujao utaweza kuonyesha, kozi kwa kozi, upunguzaji ule umewagharimu nini wanafunzi. Idara iliyoandika kwamba kila kitu kinakwenda vizuri haina pa kushika.

Rasimu ikikamilika, igawe kwa wahadhiri wote na wafanyakazi wa idara siku kadhaa kabla ya kikao, majedwali yakiwa mbele na maelezo nyuma. Chini ya kila jedwali andika namba zimetoka wapi na neno kama "amemaliza kwa wakati" umelipima vipi, ili mwakani lipimwe vilevile. Mtu akipinga namba, mwombe alete kumbukumbu yake. Ikiwa ni sahihi, rekebisha. Mkishindwa kuafikiana, andika pande zote mbili katika mistari miwili na utume taarifa kwa tarehe iliyopangwa.